Yaliyoahidiwa ni Majeshi

Katubuka, Kigoma
Jumapili

Mwanangu Feliksi,

Nina miaka sabini na saba. Nimezika wake wawili, nimerudi hai kutoka vita vya Uganda, na ziwa lilipopanda likameza nyumba za Ujiji, mimi ndiye niliyehama wa mwisho. Kwa hiyo sitishwi na kitu. Shikamoo yako niliipata, marahaba. Hujambo huko ng'ambo? Miguu je? Mwanajeshi ni miguu. Sisi wazima, isipokuwa mkeo Yunisi, na ndiye aliyenishikisha kalamu.

Redio ilisema serikali imewapa neno hao rafiki zetu mnaowalinda huko kwamba majeshi yatabaki nao mpaka mwakani. Nilipiga makofi peke yangu barazani. Nikawaambia majirani, mnasikia, ahadi yenyewe ni mwanangu. Wakasema haya, leo mzee tutamkoma.

Kesho yake Yunisi akaleta karatasi ya kukuombea ruhusa. Kliniki wamemwambia presha inapanda, atajifungua kwa kupasuliwa, bado miezi miwili. Mtendaji wa kata hagongi muhuri mpaka mzee wa nyumba asaini. Nikakataa. Nikamwambia mimi baada ya vita nilibaki Masaka miaka miwili, sikuomba ruhusa hata siku moja, na watoto walizaliwa. Akaniuliza kama siku hiyo nitaingia mimi kumshika mkono. Akaapa hanipikii tena. Na kweli hakupika. Siku tatu nilitafuna mihogo mibichi, msimamo ule ule.

Siku ya nne nikamkuta ameketi chini jikoni, miguu imevimba, anajaribu kuvaa kandambili haziingii. Hakuniomba kitu. Hata hakunitazama.

Feliksi, Masaka sikukaa miaka miwili. Nilikaa miezi mitano. Ilikuja habari kwamba mama yako mkubwa, mke wangu wa kwanza, ana mimba ya shida. Nikaingia kwa meja nikalia, makamasi yananitoka, bunduki begani. Akaniruhusu. Kaka yako Oswald alizaliwa nikiwa pale pale mlangoni. Na Uganda haikuanguka kwa kuwa mimi sipo. Wenzangu walibaki, neno la serikali likasimama. Huu mguu ninaochechemea nao si risasi, niliteleza kwenye lori la ndizi nikirudi nyumbani.

Basi nimesaini, muhuri umegongwa, picha ya karatasi Yunisi amekutumia kwenye simu. Mpelekee mkubwa wako. Serikali imeahidi majeshi, haikuahidi Feliksi. Ukishindwa kusema, lia. Mimi ilinifaa.

Wasalimie wenzako wote. Kamanda wako mwambie namheshimu, ila kwa umri nimemzidi.

Ukidhani ni uzee unaoandika, muulize Gervasi wa Kagunga. Alikuwa zamu nje ya mlango wa meja, akasikia kilio chote, na miaka yote hii amenitunzia siri. Mpigie kelele, masikio yamekwisha. Na habari ya saini muulize Yunisi. Yeye ndiye aliyenishikia karatasi nikisaini.

Ni mimi baba yako,
Castory