Damu ya Tamimu

Mpanda,
9 Agosti 1956

Kwa mdogo wangu Shamsia,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kaliua, na baada ya salamu nauliza kifua cha shangazi, kama bado kinambana. Sisi hapa tu wazima. Mvua ilituangushia ukuta wa nyuma, na shemeji yako Seleman ameongeza mlango mmoja wa duka, maana watu wa mgodini wananunua sana sukari. Usishangae kupata barua baada ya miaka miwili ya kimya. Nimesikia kwa mama mmoja aliyeshuka kwenye treni kwamba posa yako imevunjika, eti wakwe waliambiwa wewe ndiye uliyemla mtoto wa dada yako. Kumbe maneno nayo hupanda treni.

Ngoja nianze mwanzo, kwa sababu ulikuja kuishi kwangu mtoto akiwa ameshafika. Miaka minane ya ndoa sikuwa nimezaa, na unajua mama mkwe alivyokuwa akiniita. Josephina, yule Mbende wa Karema aliyekuwa jirani yetu, alipofariki, hakuacha mume wala ndugu wa karibu, na mwanawe Evarist alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Seleman alikubali tumchukue, ila alitoa sharti: awe mzima wa mwili, maana hakutaka kuzika mtoto wa watu. Akionekana na ugonjwa tutampeleka kwa masista. Nikamjibu kwamba ni mzima kabisa. Akampa jina la Tamimu, na kesho yake sokoni wanawake wakaniita Mama Tamimu. Shamsia, siku ile nilinunua nyanya nisizozihitaji ili niitwe tena.

Ulipokuja uliona mwenyewe yale mabaka meusi mapajani, na magoti yakivimba bila hata kuanguka. Siku alipojiuma ulimi damu ilitoka tangu asubuhi hadi alasiri, ukanisaidia kufua mashuka kabla Seleman hajarudi. Nilikuambia ni joto la mwili tu. Hukuniamini, na kwa kweli hukuwa mjinga.

Alipotimiza miaka sita Seleman akasema wakati wa jando umefika, kwamba mtoto wa nyumba ya Kiislamu hawezi kubaki hivyo. Ni wewe uliyesimama mbele ya wageni ukasema damu ya mtoto huyu haijui kukauka, akitiwa kisu atakufa. Seleman akanigeukia na kuniuliza kama kuna jambo lolote ninalolijua. Nikasema hakuna. Nikaongeza kwamba mdogo wangu ana mdomo mchafu, nikakufukuzia jikoni.

Wanaume wakaondoka naye akiwa amevaa kanzu mpya. Mlangoni aligeuka akaniuliza kama nitampikia pilau yake peke yake. Nilimpikia. Bado tulikuwa tunapiga vigelegele walipokuja kuomba vitambaa, kisha wakaja kuomba vingine, na mara ya tatu wakachukua kanga niliyojitanda. Ngariba alitia majivu, akatia majani, akafunga. Siku ya tatu alfajiri hapakuwa na wa kufungwa tena. Kabla matanga hayajaisha wakawa wameshaamua kwamba aliyetabiri ndiye aliyetenda. Walipokutoa na mzigo wako kwenda stesheni, ulinitazama mimi. Mimi nikatazama sufuria.

Sasa nakuambia: nilijua. Josephina aliniambia kwa kinywa chake, amenishika mkono, kwamba mtoto asikatwe na kitu chochote, kwa sababu kaka zake yeye Josephina wawili walikufa kwa kutoka damu. Mmoja aling'olewa jino, mwingine alijikata kidogo tu kwa panga shambani. Aliniapisha, nikaapa. Ningesema siku ya kwanza, mtoto angekwenda kwa masista. Ningesema siku ya jando, Seleman angejua nilimdanganya na angeniacha. Nilijiambia labda Josephina alikuwa anaweweseka kwa homa. Hapana, hapo nadanganya tena. Nilijua, na nikaosha mchele.

Usije Mpanda na barua hii. Ukimpelekea Seleman nitakana, nitasema umemwandikisha mtu kwa chuki, nao wataniamini mimi kama walivyoniamini mara ya kwanza. Posa yako inaniuma, nakuapia, na nimelia. Lakini nikikusafisha wewe nitatoka nyumba hii mikono mitupu, na yale majina ya zamani yatanirudia. Hapa watu wananionea huruma. Hakuna aliyebadilisha namna ya kuniita, na mimi sijamkataza mtu.

Nisalimie shangazi, mwambie asiache kunywa maji ya moto. Mama anayekuletea barua hii nimempa na doti ya kanga, yako. Ni mpya, haijavaliwa.

Ni mimi dada yako,

Mama Tamimu