Ndululu Amekutaja kwa Semina

Syokau, shika simu.

Unamkumbuka Ndululu, bosi wetu wa msaada kule Nuu, ile njaa ya themanini na nne? Leo wametuita sisi wazee wa kazi kwa semina hapa Kitui. Eti jinsi ya kusaidia wafanyakazi wa misaada wakizidiwa na mambo wameona. Na mwalimu ni yeye.

Ndululu. Huyo huyo.

Na mfano wake ni wewe. Amekutaja jina. Anasema siku tulizika watoto sita ulianza kulia kwa laini ya kugawa yale mahindi ya yelo ya msaada, na yeye akakushika mkono akakwambia, "Lia tu, mama, ukimaliza tutaendelea."

Akakushika mkono. Watu wakapiga makofi, Syokau.

Nikasimama. Nikasema mimi ndiye nilikupata nyuma ya stoo umejaza leso mdomoni, juu huyu alikwambia ukilia tena mbele ya wageni unafutwa kazi. Ndiyo tukaanza kulia kwa zamu, mmoja analia ndani ya stoo, mwingine anachunga mlango. Hiyo ndiyo ilitusaidia, si yeye.



Msichana mmoja akauliza, "Na huyo mama yuko wapi sasa?" Ndululu akajibu bila aibu, "Alishatuacha. Mungu ailaze roho yake pema."

Nikamwambia tutoke nje nikupigie, aone vile umekufa.

Sasa amekaa hapa kando yangu kwa ngazi ya hoteli, anapanguza jasho. Simu yako imeita mara tatu hushiki, ndiyo nakutumia hii meseji.

Shika. Mtukane, lia, fanya chenye unataka. Mimi nachunga mlango.