Kigari Kisichokata Kona

Lushoto, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini magoti yamepunguza kuuma na mtama umeshaingia ghalani. Dada Zainabu, anayekusomea hii, namsalimu pia, na namwomba asome polepole, asiruke mahali, wala asianze kucheka kabla hajafika penye kuchekesha. Sisi huku wazima. Wajina wako Tatu ametimiza mwaka na miezi miwili, ana meno sita, na hakuna mtu nyumbani ambaye hajang'atwa nayo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema "lakini", unasema "hakuna cha lakini", halafu salio linakwisha. Umesema shule zikifungwa Mjomba Ramadhani atakuja kumchukua mtoto, akae kwako Singida mpaka mke wangu Rehema amalize chuo cha uuguzi Tanga, kwa kuwa umesikia mwanao anakimbia milimani na mtoto ndani ya toroli. Nani kakwambia toroli? Si toroli, mama. Naomba unisikilize mpaka mwisho, mara hii moja tu.

Unajua daktari alivyoniambia. Sukari ile ile iliyomchukua baba imenianza mimi, na nina miaka thelathini na minane. Amesema nikimbie kila siku, si siku nikijisikia. Baba naye aliambiwa hivyo hivyo, akasema ataanza mfungo ukiisha. Mimi sitaki Tatu aje kuonyeshwa picha yangu ukutani. Lakini nikimbie saa ngapi? Alfajiri siwezi kumwacha amelala peke yake. Asubuhi nafundisha, yeye yuko kwa jirani yetu Mama Shabani. Saa tisa namchukua, na kuanzia hapo ni mimi na yeye. Mgongoni nilijaribu, kwa mbeleko ya Rehema. Sikufika hata msikitini, akanitapikia shingoni. Ndipo nikaanza kutafuta kigari cha kumsukumia mtoto.

Sikujua kuchagua kigari ni kazi kuliko kuchagua mke. Cha kwanza nilikiona dukani Tanga, kizuri, kina kivuli chenye maua, ila magurudumu yake madogo kama vifuniko vya chupa ya chai. Kwenye kokoto za huku kingekwama mlangoni. Cha pili kilikuwa na magurudumu makubwa lakini hakina breki, na muuzaji akaniambia nikitaka kusimama nitumie mguu. Kwa miteremko hii, mguu! Cha tatu nikakipata mitumbani Korogwe. Magurudumu matatu ya kujaza upepo, mkanda wa kumfunga mtoto mabegani na kiunoni, breki ya mkono. Tairi la mbele linageuka huku na huku, na kuna pini ya kulikaza ukitaka kukimbia. Nikaona nimepata.

Waya wa breki ulikuwa umelegea, nikampelekea Fundi Hoza, anayetengeneza matoroli ya kubebea kabichi. Nikamwambia akaze waya tu. Jioni narudi, namkuta anatabasamu.

"Mwalimu, lile tairi la mbele lilikuwa bovu. Lilikuwa linacheza kama jino linalotaka kung'oka. Nimelichomelea, halichezi tena."

Nikamwambia limetengenezwa ligeuke. Akanitazama kwa huruma.

"Tairi la toroli halichezi, mwalimu. Mbona hilo unalijua?"

Akakataa malipo ya kuchomelea, eti ni zawadi ya mtoto, kwa hiyo hata kugombana naye sikuweza. Basi sasa nina kigari kinachojua kwenda mbele tu, katika milima ambayo hata njia ya chooni ina kona. Kila kona nabonyeza mpini, nainua pua yake, nageuza, nashusha, naendelea. Kukimbia gani huko!

Nikadhani nimemaliza mateso. Nilikuwa nimemsahau mama mkwe. Shamba lake liko kwenye kona ya chini ya nyumba yetu, mahindi kando, kabichi katikati. Na unajua mimi na yeye tunavyoheshimiana. Hatukai chumba kimoja, hatushikani mikono, nikipita anavuta kanga usoni. Sasa mimi mkwewe nampitia mbele na bukta! Nilijaribu suruali ndefu, mapaja yakachubuka mpaka nikafundisha nimesimama. Kwa hiyo mama wa watu akisikia vishindo vyangu anakimbilia kwenye mahindi, halafu maneno anayatuma kwa Mama Shabani.

"Mama mkwe wako anasema mtoto asipande kitu hicho kabla hakijapimwa kwa viazi. Toroli jipya hupimwa wiki nzima."

"Si toroli, Mama Shabani!"

"Mimi nimetumwa tu, mwalimu."

Basi wiki nzima mwanao, mwalimu wa hesabu, nimekimbia barabara ya Magamba nikisukuma kiroba cha viazi kilichofungwa mkanda mabegani na kiunoni. Wanafunzi wangu walijipanga kandokando. "Shikamoo mwalimu! Viazi vimelala?" Nikaitikia marahaba, ningefanyaje.

Siku ya mwisho ilinyesha manyunyu. Nikishuka kwenye ile kona ya mama mkwe niliteleza, mpini ukanitoka mkononi. Kwa kuwa tairi limechomelewa, kigari hakikupinda na barabara. Kilikwenda moja kwa moja, kikaruka ukingo, kikapinduka katikati ya kabichi. Kiroba kikapasuka, viazi vikatawanyika mpaka mferejini. Nilikaa kwenye tope nikakitazama kile kiti, magurudumu bado yanazunguka. Mama, nakwambia ukweli, nililia. Kesho yake ndiyo Tatu angepanda.

Mama mkwe akatoka kwenye mahindi. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake alikuja mpaka nilipo, uso ameugeuzia mlimani. Nikajua kwisha, mtoto atachukuliwa huku huku kabla hata Mjomba Ramadhani hajapanda basi. Akasema, si kwa kumtuma mtu, aliniambia mimi:

"Mume wa dada yangu aliondoka na sukari. Kukimbia, ukimbie, baba."

Halafu akavua kanga ya mabegani, akafunga ncha moja kwenye mpini, ya pili akanifunga kwenye kifundo cha mkono, juu ya sweta ili tusigusane, kwa kupapasa tu, hajanitazama hata kidogo.

"Ukianguka, anguka nacho. Kisikutoke."

Kumbe kigari kilikuwa na ukanda wake wa mkononi kwa kazi hiyo hiyo. Mimi nilidhani ni wa kufungia mzigo, nikaukata palepale Korogwe nikautupa. Hilo Rehema asilijue.

Sasa ni wiki ya tatu Tatu anapanda. Penye mteremko mkali natembea, nakuapia. Kila siku saa kumi mama mkwe anasimama kwenye kona yake, ametazama mlima, ananyoosha mkono, analipapasa fundo, analivuta mara mbili, anamgusa mjukuu shavu, anasema "haya." Bila hiyo "haya" sishuki. Na daktari amesema sukari imeanza kurudi chini.

Nisalimie Mjomba Ramadhani, mwambie nauli yake ainunulie mbegu. Nisalimie shangazi mwenye mbuzi, na yule jirani mshona viatu aliyekuwa akinipeleka shule kwa baiskeli.

Jambo la mwisho. Jana niliifua ile kanga, nikaianika, nikaitambua. Ni ya zambarau, uliyomletea mama mkwe siku ya harusi, ambayo miaka yote hii unalalamika hajawahi kuivaa hata siku moja. Alikuwa anaivaa shambani, mama, ambako wewe hufiki. Mtoto usitume mtu kumchukua. Njoo mwenyewe usimame naye pale konani. Mimi hawezi kunitazama, lakini wewe atakutazama.

Ni mimi mwanao, nisiyesukuma toroli,

Athumani