Nukta Nyekundu Isiyo Yako

Dada Rehema,

Sijui barua ya kumwandikia aliyefariki huanzaje. Leso yako bado imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha seva. Nikisikia baridi najifunika, nikimaliza nairudisha palepale. Wiki ya tano hii tangu tukuzike, na kiti chako hakuna aliyekikalia.

Mezani uliacha moduli mbili za gigabiti mia nne, vile vidude vya ukubwa wa kidole vinavyogeuza data kuwa mwanga upite kwenye faiba. Tulikuwa tuchague moja ya kuagiza. Moja ina nukta nyekundu ya rangi yako ya kucha, nyingine haina. Hapa kituoni kila mtu ajua maana yake: nukta ya Rehema hutiwa baada ya moduli kukaa kwenye swichi ya mtandao saa tatu nzima, adhuhuri, kiyoyozi kimezimwa, isikosee hata mara moja. "Umeme wa Malindi hauagi ukiondoka," ulikuwa ukiniambia. "Ipime kwa joto la kwetu." Na mawasiliano ya hospitali yapitia hapa.

Yenye nukta hula umeme mwingi na huchemka. Isiyo na nukta, kwenye karatasi za kiwandani, yaishinda kwa kila kitu. Lakini uliikataa, au mauti yalikuwahi kabla hujaipima? Hukuandika popote. Yote uliyaweka kichwani, ukaenda nayo. Nimekukasirikia, dada, Mungu anisamehe.

Juzi nikaipima mwenyewe. Dakika arubaini tu, jasho likaniingia machoni, kengele ya joto ikalia, nikaogopa nikawasha kiyoyozi. Nilikusikia kabisa: "Binti wa Mariakani, hata maziwa ya kwenu yavumilia moto kuliko wewe!" Nikacheka peke yangu, kisha nikalia.

Halafu nikafungua droo yako, nikatoa ile chupa ya rangi, nikaitia nukta.

Meneja alipoiona alishusha pumzi. "Alhamdulillahi, kumbe Rehema aliipitisha." Nikamwacha aamini hivyo. Oda imeshaandikwa, inatumwa kesho adhuhuri. Sikutaka kumdanganya mtu. Nilichoka kuwa peke yangu na vile vidude viwili, nikataka uamue wewe. Nikakusingizia, na wewe huna mdomo wa kukana.

Sijui moduli ile ni nzima au mbovu. Huenda ni nzima. Hilo halinisaidii kitu.

Pumzika, dada yangu. Mola akupanulie kaburi lako, alipulizie upepo mwanana. Rangi imeganda kwenye kidole changu cha shahada, nimesugua kwa ndimu haitoki. Nami siisugui tena. Nakuahidi: kesho asubuhi, kabla sijamwamkia meneja, nitamwonyesha kidole hiki.

Mwanafunzi wako,
Kadzo