Ujumbe wa Robo ya Mwisho

Merrowby, Melbourne
Jumapili, Septemba

Mdogo wangu Garth,

“Hakuna mtu yeyote hapa Merrowby aliyewahi kuambiwa apoteze mechi.” Maneno hayo ni yako. Yamo kwenye ukurasa wa kwanza wa jarida la wanachama, chini ya picha yako ukiwa umevaa tai ya klabu. Niliyasoma tena leo asubuhi hadi chai ikapoa mkononi. Nitayarudia na nitayavunja moja moja, lakini mama hakutulea tuingie nyumba za watu bila hodi, kwa hiyo pokea salamu zangu kwanza.

Hujambo, na wifi yangu Denise hajambo? Nimesikia kwamba nyonga yake inapona na sasa anaweza kutembea hadi ufukweni huko Torquay kwa fimbo moja. Mwambie nimefurahi sana, na asimwache yule mbwa wenu amvute. Huku kwetu shemeji yako Gavin amepanda nyanya mapema mno, kama kila mwaka, na baridi imeziua, kama kila mwaka. Mpwa wako Bridie ana afya, ila si sana. Analala kidogo na hali chakula vizuri, na sababu yake utaikuta mbele katika barua hii.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Mara ya mwisho uliniambia, “Dada, wewe unaandika magazetini kuhusu kila kitu, mpira tuachie sisi.” Nilikata simu kabla sijakujibu. Jibu langu ni kwamba mpira huu wetu wa Australia, wa mikono na miguu, si wenu peke yenu. Miaka yote hii nimekaa kwenye ukumbi wa kanisa kila Ijumaa pamoja na akina Ivy Doolan, tukikata karatasi na kubandika herufi za lile bango kubwa ambalo wachezaji hulipasua wanapokimbilia uwanjani. Kazi ya siku nzima inachanwa kwa sekunde tatu, na Ijumaa inayofuata tunaanza upya. Mtu anayefanya kazi ya namna hiyo ana haki ya kuuliza kama timu ilikuja kucheza.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Ninyi wa bodi ya klabu mlimfukuza kocha Noel Prentice katikati ya msimu, na sikulalamika, maana hata yeye alikuwa amechoka. Mkamweka Wendell Agnew awe kocha wa muda. Wendell amekuwa msaidizi hapa chini ya makocha wanne. Kila kocha mpya alikuja na watu wake, na kila mara Wendell alihamishwa chumba, akabeba boksi lake la vitabu vya mbinu na kuhamia mlango wa pili. Ulimwahidi mbele ya watu kwamba akiifufua timu, jina lake litakuwa la kwanza kwenye meza mtakapochagua kocha wa kudumu. Nilikuwepo. Ulikuwa na soseji mkononi ulipoahidi.

Kisha zikaja wiki za mwisho. Tulikuwa mkiani pamoja na timu moja tu ya kutupa ushindani wa ubovu, na kila mtu alikuwa akizungumzia yule kijana wa Mildura, mrefu, mwenye mikono isiyoangusha mpira. Timu ya mwisho ndiyo huchagua kwanza vijana wapya mwezi Novemba. Basi ghafla wachezaji wetu bora wakaanza kupelekwa kufanyiwa upasuaji ambao ungeweza kusubiri hadi Krismasi. Mabeki wakapangwa mbele “wajifunze”. Hakuna aliyetamka neno kupoteza. Neno lilikuwa subira. Lilikuwa mwelekeo. Lilikuwa kuangalia mbali.

Nakujua, utaniambia nazungumza kama mtu asiyejua jinsi klabu ndogo inavyonyongwa. Utanikumbusha kwamba klabu kubwa huchukua wana wa wachezaji wao wa zamani kwa sheria ile ya baba aliyecheza mechi mia, na klabu iliyokuwa tajiri tangu enzi za babu ina akina baba wengi. Utanikumbusha vituo vya vipaji vya kule kaskazini, ambako vijana hulelewa tayari wakiwa wamevaa jezi za klabu za huko. Utasema sisi tulio mkiani tuna mlango mmoja tu, nao ni huo wa kuchagua kwanza. Hapo nakupa haki yako yote. Uteuzi huu wa vijana unaitwa wa usawa na hauna usawa. Nimeandika hivyo gazetini na nitaandika tena. Lakini deni la dhuluma ya ofisi ya ligi mngelidai kwa ofisi ya ligi. Badala yake mlilidai kwa Ivy Doolan, mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi, aliyekuwa akibandika herufi za jina la timu ambayo ninyi mlikuwa mmeiuza mchana ule.

Na nakwambia ubaya huo ulienda wapi, kwa sababu wewe ulikaa juu kwenye viti vya wakubwa nyuma ya vioo na hukusikia. Katika ile mechi ya mwisho, mtu mmoja aliyekaa mbele yangu, mwanachama wa Merrowby tangu utotoni, amejifunga skafu yetu, alikuwa anashangilia magoli ya wapinzani. Nilimuuliza kama anaumwa. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba leo kushinda ni ujinga, mama, leo tunamtaka yule wa Mildura. Wale wa upande wa pili nao wakawa wanatucheka. Walituimbia tujitahidi basi, tufunge, tumkose mtoto. Nimekwenda mpirani maisha yangu yote na nimetukanwa kwa lugha zote za vitongoji vya Melbourne. Sikuwahi kutaniwa kwamba naweza kushinda.

Unakumbuka ilivyoisha. Tulikuwa nyuma kwa pointi mbili na Callum Fitzhardinge akaudaka mpira angani kabla tu king'ora cha mwisho hakijalia. Sheria ikampa haki ya kupiga baada ya king'ora, na goli moja lenye pointi sita lingetosha. Nahodha wetu amesimama peke yake, goti limefungwa bendeji, na yule bwana wa mbele yangu akainuka na pai yake ya nyama mkononi na kusema, wala hakupiga kelele, “Kosa, Callum. Tafadhali kosa, ndugu yangu.” Callum alipiga katikati kabisa ya milingoti. Wachezaji wakamrukia. Huku kwenye viti vyetu, nusu ya watu walishangilia na nusu walikaa chini na kushika vichwa. Yule bwana alilia, Garth, na hadi leo sijui alikuwa analilia nini.

Jumatatu mkamfukuza Wendell. Timu nyingine ikawa ya mwisho, kijana wa Mildura akawaponyoka, na mtu aliyeshinda akafungashiwa boksi lake, safari hii hadi barabarani. Na hapa nakuomba usome taratibu, maana ndipo ulipojifunga mwenyewe. Kwenye ukurasa wa kwanza wa jarida umeandika kwamba hakuna aliyeambiwa apoteze. Kwenye ukurasa wa tatu umeandika kwamba Agnew hatafikiriwa kwa nafasi ya kocha wa kudumu kwa sababu “alipuuza maelekezo ya wazi ya klabu siku ya mechi”. Maelekezo gani? Kama hakuna aliyeambiwa apoteze, Wendell alipuuza nini kwa kushinda? Mtu mzima hawezi kuandika kurasa zote mbili akiwa na akili moja. Ama ukurasa wa kwanza ni uongo, ama wa tatu ni uzushi. Chagua.

Usifikiri hayo yalibaki kwenye karatasi. Klabu moja ya Adelaide ilikuwa imemwita Wendell kwa mazungumzo. Baada ya jarida lako kutoka wakampigia kumwambia asijisumbue kusafiri, kwamba wanatafuta mtu anayejua kufanya kazi na wakubwa wake. Ana miaka hamsini na sita. Mkewe ameniambia kwamba asubuhi anavaa suti ya mazoezi, anakaa gereji, anapanga koni, anazipangua.

Mimi nilidhani najua hadithi yote. Nilikuwa tayari kuandika makala ya kukuchoma, ndugu au si ndugu, na kumsifu Wendell kama mtu aliyekataa amri chafu. Jana Bridie akaingia jikoni, akaketi, akaniomba nisiandike hivyo kwa sababu si kweli. Wendell hakukataa amri yoyote. Siku ile hakuna amri iliyomfikia.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Katika mapumziko kabla ya robo ya mwisho, wachezaji walipojikusanya katikati ya uwanja, Bridie alirudi kwenye benchi kujaza chupa za maji. Yeye ndiye mpeleka ujumbe wa timu, kazi yake ni kukimbia na maneno ya kocha. Wewe ukashuka kutoka juu, ukainama kwenye uzio, ukamwita mpwa wako kwa jina la utotoni. Ulimwambia, “Kamwambie Wendell amtoe Callum, asimrudishe. Mwambie bodi imesema, ataelewa.” Bridie akakuuliza kama goti limezidi. Ukamjibu kwamba goti halina shida, we nenda tu, mwanangu.

Akaenda. Ulimwona anamnong'oneza Wendell, na tangu saa hiyo ukaamini ujumbe umefika. Alichomnong'oneza ni kwamba upepo umegeuka kuelekea upande wa reli. Basi. Yale yako aliyameza. Aliniambia alipofika kwenye lile duara alimkuta Callum akimfunga kamba za viatu mchezaji mchanga aliyeshindwa kuzifunga mwenyewe, na maneno yako yakakataa kutoka.

Jumatatu, mbele ya wenzako wa bodi, Lorraine Stubbs na Keith Pallister, ulimuuliza Wendell kwa nini aliudharau ujumbe wa bodi. Wewe uliona mtu mkaidi. Wendell alikuwa anahesabu. Ujumbe haukumfikia, na ni mtu mmoja tu ambaye angeweza kuubeba. Angesema sentensi moja, “Mimi sikuambiwa,” na kazi yake ingekuwa salama na jina lake safi. Lakini mpeleka ujumbe anayeficha ujumbe hapati kazi klabu yoyote nchini, na binti huyu anataka siku moja awe kocha. Basi Wendell akawaambia kwamba alifundisha alivyojua, akaomba ruhusa ya kwenda kuchukua vitu vyake.

Bridie alimfuata nyumbani siku ya pili kumwomba radhi. Wendell alimkatalia radhi hiyo. Alimwambia, “Wewe ungeniletea ujumbe ule, binti, ningelazimika kuchagua. Ulinipa robo moja ya kufundisha mpira tu.” Kisha akamwapisha asimwambie mtu. Bridie amekaa na kiapo hicho hadi jana, aliposoma ukurasa wa tatu.

Sitamtetea binti yangu kwa maneno matamu. Kazi yake ilikuwa kupeleka ujumbe na hakuupeleka. Yeye mwenyewe anasema hivyo, na ameniruhusu kukuandikia haya yote. Barua hii ameisoma kabla sijaifunga. Amebadilisha neno moja tu: nilikuwa nimekuita mwoga, akasema, “Mama, futa, mjomba si mwoga, alikuwa amekata tamaa.” Nimefuta. Uamuzi ni wake, mimi bado nina shaka.

Mpe Denise busu langu, na Gavin anakusalimu kwa moyo wote ingawa ameniomba nisimtaje. Mlango wetu haujafungwa kwako na hautafungwa, vyovyote utakavyofanya.

Alhamisi wanachama wanakutana kwenye ukumbi wa manispaa hapa Merrowby. Bridie atasimama na kusema alichofanya. Ninyi watatu wa bodi, wewe Garth, Lorraine na Keith, nawataka msimame kabla yake. Msimwache msichana wa miaka ishirini na mitatu awe wa kwanza kusema ukweli katika ukumbi uliojaa watu wazima. Semeni amri ilitoka kwenu. Semeni Wendell Agnew hakuipata. Futeni ukurasa wa tatu kwa maandishi makubwa kama yale mliyouandikia, pigeni simu Adelaide kabla ya Ijumaa, kisha mpeni mtu huyo nafasi mliyomwahidi, apimwe kama kocha pamoja na wengine walioomba. Halafu nendeni ofisi ya ligi mkadai usawa wa uteuzi, na siku hiyo nitabeba bango mbele yenu mimi mwenyewe.

Nitakaa mstari wa mbele, mdogo wangu. Inuka kwanza wewe.

Dada yako akupendaye,
Rosalind