Pikapu ya Deo

Jumatatu, 3 Machi
Kuku nimewafungulia. Gari la marehemu mume wangu limegoma kidogo, kisha likawaka. Nimeenda Rulenge kuchukua dawa ya presha. Wakati narudi nyuma pale sokoni, nikagonga pikapu iliyoegeshwa. Taa ya nyuma imevunjika, bampa imebonyea. Mwenyewe anaitwa Deo, anauza ndizi, kwao Kirushya. Watu wakajaa. Deo akasema, "Mama, trafiki wa nini? Tumalizane wenyewe. Laki tano tu." Nilikubali kwa aibu, watu waondoke. Nikampa namba ya simu, nikamwambia nina presha. Mjinga mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia Sixbert, mwanangu, Mwanza. Yuko kikaoni, atapiga. Hajapiga.
Deo amepiga. Shikamoo, habari za nyumbani, presha inaendeleaje. Halafu hela.
Ukweli ni kwamba hakuna mwingine aliyeniuliza habari ya presha.

Alhamisi, 6 Machi
Sasa ni laki saba. Eti pikapu imelala, biashara imekufa. Mchana niko shambani napalilia maharage, nikaiona inapita, imesheheni ndizi, bampa inacheza. Nimekasirika mpaka jembe likanitoka mkononi.
Sixbert kimya. Nimemwandikia habari yote. Ameusoma ujumbe.
Mume wangu angejua la kusema. Mimi nilizoea kukaa kiti cha pembeni.

Ijumaa, 7 Machi
Wamekuja watatu. Deo na vijana wawili nisiowajua, wamesimama kwenye uzio. Shikamoo haikuwepo. Akasema nisipotoa leo anakwenda polisi. Majirani wote walikuwa shambani.
Niliogopa. Nikamwambia, "Twende wote polisi. Na mimi nitawaeleza kuwa jana nimeiona imepakia ndizi."
Wale vijana wakatazamana. Deo akainama.
Nikasema, "Au twende kwa fundi. Atakachosema fundi, hicho nitalipa."
"Haya, mama. Kesho."
Walipoondoka nilifunga mlango kwa komeo, jua likiwaka. Nimelia. Si kwa ajili ya hela.

Jumamosi, 8 Machi
Gereji, Rulenge. Fundi ameizunguka pikapu, akagonga bampa kwa kidole. Taa ya mtumba, kunyoosha, rangi: laki moja na themanini. Nimemlipa fundi mwenyewe, Deo akiona. Kisha kwa mtendaji wa kijiji, tukaandikishana kwamba hatudaiani. Tumetia sahihi wote.
Hela ya mbolea imekwenda yote.
Nje, Deo alinisindikiza mpaka kwenye gari. Akasema, "Nisamehe, mama. Nilijua una mtoto mjini, anakutumia hela."
Nikamwambia ndiyo, ninaye. Nikawasha gari.

Jumapili, 9 Machi
Misa ya kwanza. Nimeendesha polepole, nikaegesha mbali na magari ya watu.
Baada ya misa Sixbert amepiga. Ameuliza nimelipa ngapi. Nikamwambia. Akasema nimepigwa, taa ya mtumba haifiki bei hiyo, angekuwepo yeye wasingethubutu. Aliongea sana. Nilikuwa nimesimama kwenye migomba, nasikiliza sauti yake tu. Imekuwa nene, kama ya baba yake.
Akauliza, "Mama, unanisikia?"
Nikamwambia mvua kubwa inanyesha huku, simu inakatakata. Nikakata.
Jua lilikuwa kali. Nikaanua nguo.