Mazoezi Kabla ya Barafu

Kijiji cha Chuling, Ladakh
14 Novemba

Kwa dada yangu mpenzi Kunzes,

Jule, dada, salamu nyingi. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Delhi, wewe na wagonjwa wako wa wodini. Sisi huku tunapumua. Mama miguu imeanza kumsumbua kwa baridi, Baba amemaliza kupura shayiri, na aprikoti tulizoanika juu ya paa nimekutengea mfuko mzima.

Uliniuliza habari za timu yetu ya mpira wa magongo wa barafuni. Unakumbuka Februari tulivyofungwa mabao tisa, wale wasichana wa mjini wakatucheka kwamba tunateleza kama punda aliyevishwa viatu. Niliapa pale pale kwamba barafu ikirudi hawatatucheka tena. Barafu yetu ni ya miezi miwili tu. Mchezaji anatengenezwa katika ile kumi isiyo na barafu. Basi tangu Mei nikawa nawatoa wasichana alfajiri kabla ya kazi za shamba. Tulipanda kilima cha monasteri na mifuko ya mchanga mgongoni. Tulipiga mpira wa tenisi kwa magongo barabarani mpaka madereva wa malori wakawa wanatupigia honi kutushangilia. Kufikia Agosti, dada, tulikuwa timu kweli.

Aliyenipa matumaini kuliko wote alikuwa Diskit, golikipa wetu, yule yule binti wa mama mdogo Yangdol. Ulimwacha mtoto, alikuwa ametimiza kumi na tisa. Aliruka kama paka, na mdomo wake haukujua kupumzika. Nikiwachosha sana alikuwa akisema, "Nahodha, tukifa wote utacheza na mbuzi?" Tulicheka, tukapata nguvu ya kupanda tena.

Habari za kifo chake Mama alikueleza kwa simu. Alianguka kwenye kilima kile, tarehe tatu Septemba, mfuko ukiwa mgongoni. Tulimbeba mbio hadi zahanati, lakini alikuwa ameshaondoka. Watu walisema moyo umesimama ghafla, hakuna ambaye angejua. Mama mdogo alinikumbatia, akanishukuru kwa kumpa mwanawe kiangazi cha furaha. Nami nikazipokea shukrani zake.

Dada, mimi nilijua. Siku nne kabla, Diskit alinivuta kando akaniambia kifua kinambana akipanda, na kwamba mara mbili macho yalimwingia giza. Aliomba nimpe wiki moja, aende hospitali ya mjini. Nilirudi mbele ya wenzake nikasema kwa sauti, "Anayetaka kupumzika akachunge mbuzi! Golini nitamweka mwingine." Wasichana wakacheka. Yeye naye akacheka, akainama, akauchukua mfuko wake. Hakuniambia tena. Wewe ni muuguzi, unajua maana ya dalili zile. Hata mimi sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilichoogopa ni kupoteza golikipa kwa wiki nzima.

Sijamwambia mtu. Bwawa tunalochezea limeanza kuganda kingoni, na wasichana kila wakinikuta wananiuliza tunaanza tena mazoezi lini. Nikiliona natamani lisigande kamwe.

Jana mama mdogo alikuja na Lhazes, mdogo wake Diskit, yule wa miaka kumi na mitano. Mtoto alikuwa amevaa zile kinga za miguu za golini za dada yake, zinampwaya. Mama mdogo akaniambia, "Usijali udogo wake. Mkazanie kama ulivyomkazania dada yake." Nilitafuta sauti ya kumwambia ukweli, dada, pale pale, mikono yake ikiwa juu ya yangu. Kilichotoka ni, "Ndiyo, mama mdogo." Tunaanza kesho alfajiri, kilimani.

Baba anakusalimu sana. Mama naye anakusalimu, anasema ujifunike vizuri. Amekaa hapa kando yangu anasokota sufu, anafurahi kuniona naandika. Anadhani nakueleza habari za timu.

Mimi mdogo wako,
Chorol